Jibu: Mtaa mdogo, kazi zote kwa watu wale wale watano. Zigawanywe vipi?

Mkuu, swali lako kwa ufupi ni hili: mtaa wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kijijini, yaani kanisa dogo lililo chini ya usharika, washiriki watu wazima kama 60, mwinjilisti mmoja, kazi zote zinawaangukia watu wale wale watano, na sasa mnataka kumwaga sakafu ya kanisa kwa nguvu za washiriki.

Kwanza acheni tangazo la "tunaomba watu wa kujitolea". Likisomwa, kila mtu anawageukia wale watano, na wale watano wanainuka. Kazi za kawaida zipitie kwenye jumuiya, vile vikundi vya washiriki wanaoishi jirani. Kwa watu 60 mna jumuiya tatu au nne. Kila moja ibebe mwezi mzima: usafi wa Jumamosi, maji, mapambo ya madhabahu, kupokea wageni mlangoni. Mwezi ukiisha wanakabidhi, hata kama hawakufanya vizuri. Zamu ya wiki moja moja watu wanaisahau. Ya mwezi, mwenyekiti wa jumuiya hawezi kusema hakujua. Wazee wa kanisa msiwabebeshe zamu nyingine juu ya hiyo, wana wagonjwa wa kutembelea na vikao vya baraza.

Shule ya Jumapili, kwaya na hesabu hazizungushwi hivyo. Hizo mfuate mtu nyumbani kwake, umwambie kazi ni ipi, inachukua saa ngapi na inaisha lini. "Tusaidie kufundisha watoto mpaka Pasaka, mtakuwa wawili mnapokezana" ni ombi linalojibika. "Tusaidie watoto" linatisha, maana kila mtu anamjua aliyekubali hivyo na mpaka leo hajaachiwa. Walimu wawe wawili kila Jumapili na mlango ubaki wazi. Mmoja akiugua darasa linaendelea, na hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na watoto wa wenzake.

Sasa pesa. Kwa maoni yangu watu wazuri wanakimbia huduma kwa sababu ya maneno ya pesa kuliko kwa uchovu. Sadaka ihesabiwe mara tu baada ya ibada, palepale kanisani, na watu watatu wasio wa nyumba moja. Daftari liwe na safu ya kila noti na kila sarafu: elfu kumi ngapi, elfu tano ngapi, mpaka sarafu za hamsini. Ukiandika jumla peke yake, siku hesabu zikipishana hutajua kosa lilianzia wapi. Wote watatu wasaini kabla fedha haijatoka mezani, na Jumapili inayofuata kiasi kisomwe kwenye matangazo. Anayehesabu asiwe ndiye anayepeleka benki. Mkipokea kwa simu, tumieni namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Namba ya mzee fulani, hata awe mwaminifu namna gani, siku moja itamtia kwenye kikao asichostahili.

Mnada wa baada ya ibada, wa vitu vilivyotolewa sadaka, una shida yake. Mtu ananunua kuku, anasema "nitaleta Jumapili", anaondoka na kuku. Mwingine ananunua mkungu wa ndizi na kuutoa tena sadaka, unanadiwa upya. Karani akae karibu na mnadi na karatasi yenye safu nne: kitu, bei, jina, amelipa au anadaiwa. Kila mauzo yachukue mstari wake, hata kama mkungu ni ule ule umeuzwa mara tatu. Madeni afuatilie mtu mmoja, kwa faragha. Kuyasoma hadharani kunawafukuza wanunuzi wenu wakubwa.

Vyombo vya misiba ni jambo dogo lakini lina ugomvi wa miaka. Kila sufuria, sahani na kiti kiwe na doa la rangi upande wa chini, na daftari la kuazima likae kwa mwenye ufunguo. Msiba ukiisha, vihesabiwe kabla wapishi hawajatawanyika.

Tuje kwenye sakafu. Hakikisheni baraza la wazee la usharika limeridhia, kisha mpate fundi mmoja wa kulipwa. Nguvu za washiriki zinachanganya na kubeba. Kushika levo na kupiga niru, yaani kulainisha uso kwa simenti, ni kazi ya fundi.

Chukulia chumba ni mita 10 kwa 6 na unene sentimita 7.5. Hiyo ni zege mita za ujazo 4.5. Kwa uwiano wa 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto), mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 unatoa zege kama mita za ujazo 0.16, kwa hiyo ni mifuko 28, nunueni 30. Mchanga agizeni mita za ujazo 2.5 na kokoto 4.5, kwa sababu kiasi kinapotelea ardhini. Maji mapipa matano ya lita 200, yajazwe Ijumaa.

Mpime kwa ndoo, kamwe si kwa koleo. Mfuko mmoja unakaribia ndoo mbili za lita 20, kwa hiyo kila mfuko unachukua ndoo nne za mchanga na nane za kokoto, zote zikiwa zimepungua kidogo kwa kiwango kile kile. Maji anzeni na ndoo moja, mkiongeza taratibu, zisifike mbili. Kosa kubwa la siku za kujitolea liko hapa. Vijana wakichoka wanaongeza maji ili zege iwe laini kukoroga, na baada ya miezi sakafu inatoa vumbi kila ikifagiliwa. Muwe na mtu mmoja wa maji, na asibadilishwe mpaka jioni.

Gawanyeni sakafu kwa mbao, vipande vitano vya mita 2 kwa 6. Jumamosi ya kwanza mwageni cha kwanza, cha tatu na cha tano, mifuko kama 18. Vilivyobaki Jumamosi inayofuata. Kila siku mnahitaji watu kama 25 tu, na nyufa zinafuata maungio badala ya kukatiza ovyo. Kila rundo liwe la mfuko mmoja. Mgeni akitaka kusema neno, aseme kabla simenti haijaguswa na maji, la sivyo hotuba inaisha na zege imeanza kukaza.

Chakula: makande ya watu 30 ni mahindi yaliyokobolewa kilo 4 na maharage kilo 2, yalowekwe tangu usiku na yapande jikoni alfajiri. Chai itoke saa nne, kwa makundi ya kupokezana, karai zisisimame.

Halafu kuna kazi ambayo haina shangwe na ndiyo husahaulika: kumwagilia. Siku saba, asubuhi na jioni, sakafu isikauke. Ikifunikwa kwa magunia yaliyoloa ni bora zaidi. Andikeni majina mawili kwa kila siku kabla watu hawajaondoka Jumamosi, na madawati yasirudishwe ndani mpaka siku hizo ziishe.