Wiki 6 kabla ya kujengwa titi kwa nyama ya tumbo: nijiandae vipi?

SWALI: Daktari, nilikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, nikamaliza mionzi miezi 14 iliyopita. Sasa nimepangiwa kujengwa titi upya kwa ngozi na mafuta ya tumbo, operesheni wanayoiita DIEP, baada ya wiki 6. Bado nameza tamoxifen, dawa ya kuzuia saratani ya titi isirudi, kila siku. Sigara niliacha, ila natafuna chingamu ya nikotini. Mume wangu ameomba likizo ya wiki moja kuanzia siku ya upasuaji, na tuna mtoto wa miaka 2 anayependa kubebwa. Nijiandae vipi, na hiyo wiki moja itatosha?

JIBU: Pole kwa yaliyokupata, dada, na hongera kwa kufika hapa. Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, yaani chingamu, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote.

Katika DIEP, kipande cha ngozi na mafuta hutolewa kabisa tumboni, na hakipati damu mpaka mishipa yake iungwe na mishipa ya kifuani, pembeni mwa mfupa wa kidari. Mishipa hiyo ina upana wa milimita 2 au 3 hivi, na uzi wa kuishonea ni mwembamba kuliko unywele, ndiyo maana kazi hufanywa kwa hadubini. Nikotini husinyaza mishipa midogo, iwe imetoka kwenye sigara, chingamu, plasta ya kubandika au sigara ya umeme. Ni kweli chingamu ina nafuu, maana haina moshi wenye kaboni monoksidi, na mtu asiyeweza kuacha vyote viwili ni heri abaki na chingamu. Wewe lakini una wiki 6. Wapasuaji wengi hutaka angalau wiki 4 bila nikotini yoyote kabla ya operesheni, na nyingine 4 baada yake. Mwambie daktari wako mapema. Wapo wanaopima mkojo na kuahirisha upasuaji wakiikuta, na mimi sioni kama wanakosea. Tena kwa wavutaji, mara nyingi kidonda kinachosumbua si cha titi bali cha tumbo: mshono unafumuka katikati na kuchukua wiki nyingi kujifunga.

Kuhusu tamoxifen, hiyo huongeza uwezekano wa damu kuganda, jambo tusilolitaka kwenye mishipa ya milimita 2 wala kwenye miguu ya mtu aliyelala mezani saa nyingi. Kwa hiyo timu nyingi huisimamisha wiki 2 au zaidi kabla ya operesheni, kisha huirudisha. Lakini usiiache kwa uamuzi wako. Daktari wa saratani na mpasuaji wako wakubaliane tarehe ya kuacha na ya kuanza tena, na ikiwezekana wakuandikie. Wapelekee pia orodha ya kila kitu unachomeza, pamoja na vile ambavyo watu hawavihesabu kuwa dawa: aspirini, ibuprofen, vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki, mitishamba. Baadhi ya hivyo huongeza kutokwa na damu. Omba wingi wa damu upimwe sasa hivi, si wiki ya mwisho, kwani upungufu wa madini ya chuma ukigunduliwa leo bado kuna muda wa kuutibu. Kama una kisukari, sukari iwe imetulia kabla ya tarehe kuthibitishwa.

Suala la mionzi limekaa vizuri. Kwa kawaida tunasubiri miezi 6 au zaidi ili ngozi itulie, na wewe umeshapita hapo. Kwenye kifua kilichopigwa mionzi, nyama ya mwili wako mwenyewe kwa kawaida ni chaguo bora kuliko mfuko wa silikoni unaowekwa ndani ya titi, ambao huzungukwa na kovu gumu mara nyingi zaidi baada ya mionzi.

Kabla ya operesheni huenda ukafanyiwa picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa, ili mpasuaji ajue mshipa upi wa tumbo ataufuata. Sema mapema kama una shida ya figo au uliwahi kupata mzio wa dawa hiyo. Upasuaji wenyewe kwa titi moja huchukua saa 6 hadi 8, na wengi hukaa wodini siku 3 hadi 5. Usiku wa kwanza usitegemee usingizi. Nesi atakuja karibu kila saa kutazama rangi ya titi, kugusa joto lake, kulibonyeza aone damu inarudi kwa kasi gani, na kusikiliza mshipa kwa kifaa cha Doppler. Wagonjwa huudhika na ninawaelewa, lakini mshipa ukiziba, nafasi ya kuokoa titi ni ya saa chache tu. Kwenye vituo vyenye uzoefu, titi hupotea kabisa kwa wanawake wasiofika 5 kati ya 100, na ukaguzi huo ni sehemu ya sababu.

Sasa nyumbani. Karibu kila mgonjwa hujiandaa kwa ajili ya titi, kisha anashangazwa na tumbo. Mshono wa tumbo unatoka nyonga hadi nyonga, na ngozi imevutwa ili ifunge. Siku za kwanza utatembea umeinama kama anayetafuta sindano sakafuni, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Usilazimishe kunyooka, mwili utajinyoosha wenyewe taratibu, kwa wengi ndani ya wiki 1 au 2. Utalala chali, mgongo umeinuliwa kwa mito na magoti yamekunjwa juu ya mto mwingine, kwa hiyo kiti kinacholalia nyuma ni bora kuliko kitanda bapa. Kuanzia leo fanya mazoezi ya kuamka bila kutumia tumbo: geukia ubavu wa kulia, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Vitu unavyotumia kila siku viwekwe kati ya kiuno na kifua. Nguo ziwe za kufunguka mbele. Sidiria usiinunue kabla hujaambiwa ni ya aina gani, maana wapo wasiotaka kitu chochote kibane titi wiki za mwanzo.

Huenda ukarudi nyumbani na mipira ya kutoa majimaji, mmoja wa titi na mmoja au miwili ya tumbo. Unamwaga kila chupa, unaandika mililita za kila mpira peke yake, na chupa unazibana kwenye nguo zisining'inie. Vituo vingi huutoa mpira ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Ukitolewa mapema kwa sababu umekukera, maji hujikusanya ndani na utarudi kuvutwa kwa sindano.

Wiki moja ya mume haitoshi, na imewekwa mahali pasipofaa. Sehemu kubwa yake utakuwa wodini ukihudumiwa na manesi. Aisogeze ianze siku unayoruhusiwa, kisha mtafute mtu mwingine wa kusaidia angalau hadi wiki ya 4. Kurudi kazini ni baada ya wiki 6 hadi 8 kwa wengi, na zaidi kama kazi yako ni ya nguvu.

Mtoto wa miaka 2 ana kilo 12 hivi, na kwa wiki 6 hutakiwi kuinua zaidi ya kilo 2 au 3. Hapa sina njia ya mkato: ukuta wa tumbo ukilegea, unaweza kubaki na uvimbe au ngiri. Mfundishe sasa kukupandia ukiwa umekaa, mto ukiwa juu ya tumbo lako, na baba azoee kumtoa kitandani na bafuni.

Usingoje miadi ukiona titi limekuwa jeusi, la bluu au limepauka na kupoa, au limevimba ghafla. Ukipata homa ya nyuzi 38, wekundu unaosambaa au usaha. Au shavu la mguu mmoja likiuma na kuvimba. Kifua kikikubana au pumzi ikikata ghafla, hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

Titi jipya litakuwa na ganzi, pengine kwa miaka, na hisia ikirudi huwa ya sehemu tu. Kwa hiyo usiweke chupa ya maji moto wala kitambaa cha moto juu yake wala juu ya mshono wa tumbo. Wanawake wameungua bila kusikia. Na baada ya miezi michache ukikuta kinundu kigumu ndani yake, mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu. Hata hivyo, kwa historia yako, usikubali kuambiwa hivyo kwa kupapaswa tu: omba kipigwe picha, na kikiacha shaka kichukuliwe kinyama cha kupima.