Kaimati zinalegea, na ndani mbichi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kaimati zangu zikitoka kwenye mafuta huwa kavu na nzuri, lakini nikishazitia shira, nusu saa haipiti zimelegea kama maandazi ya jana. Nyingine nikizipasua, ndani mbichi. Nakosea wapi? Nina watoto wawili, wa miaka 6 na wa mwaka na nusu, na wote wananing'ang'ania nikipika. Huyu mdogo nimpe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ubichi na kulegea ni ugonjwa mmoja, na unaanzia kwenye moto, si kwenye shira. Mafuta yakiwa makali, ganda linaiva haraka, unaziopoa, kumbe ndani bado kuna maji. Maji yale yanageuka mvuke na kulilowesha ganda kwa ndani. Shira inamalizia tu.

Kwa hiyo punguza moto. Dondosha tone la unga: likizama, likatulia kidogo, ndipo likapanda na mapovu madogo madogo, mafuta yako tayari. Likiibuka papo hapo na kubadilika rangi, subiri yapoe. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 170. Kisha zigeuze bila kuchoka, dakika 6 hadi 8, mpaka zote ziwe za kahawia na ukizigonga kwa mwiko zitoe sauti kavu, kama kitu kilicho kitupu ndani. Sauti hiyo naiamini kuliko rangi.

Na unga uutazame. Vikombe 2 vya ngano, kijiko cha chai cha hamira, chumvi kidogo, maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na ziada kidogo tu. Upige kwa kiganja mpaka uvutike, uufunike kama saa moja uumuke. Ukimiminika kama uji, umezidisha maji, na kaimati zitakunywa mafuta.

Shira: kikombe cha sukari kwa nusu kikombe cha maji, hiliki, na matone ya ndimu ili sukari isigande. Ichemshe mpaka tone lililopoa, ukilibana kati ya vidole viwili, livute uzi. Shira nyepesi inanywewa yote. Ukishazitia, zitandaze kwenye sinia na usizifunike.

Oman wanaziita luqaimat, yaani vitonge vidogo, na wengi huzimwagia asali ya tende wakati wa kuliwa. Nakushauri nawe ufanye hivyo: shira ikae bakulini pembeni, kila mtu ajimiminie. Hapo ndipo mdogo anapopata yake kavu, maana chini ya miaka 2 mtoto hana haja ya sukari ya kuongezwa. Usimpe nzima hata siku moja; tonge la duara linaweza kumkaba. Ipasue vipande vidogo, akae kitako, uwe naye anapotafuna.

Wa miaka 6 mpe bakuli apige unga. Karibu na karai asisogee.