Jibu: Makarani wamefunzwa kompyuta, wamerudi kwenye rejesta

Salaam dada. Nimekuelewa: makarani wenu hapo Mombasa wamefundishwa Excel, ile programu ya majedwali, wamerudi ofisini na bado wanaandika kwenye rejesta, kisha kijana wa mafunzo kazini ndiye anayewaingizia kila kitu kwenye kompyuta.

Kabla ya kuomba semina nyingine, angalia nywila. Je, kila karani ana akaunti yake? Nilikofanya kazi, ofisi nzima ilikuwa ikiingia kwa akaunti ya mtu mmoja. Wengine hawakuwa na pa kufanyia mazoezi, wakasahau. Tena ni hatari: kosa likitokea huwezi kujua nani alibonyeza, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za wananchi zilindwe.

Halafu chagua kazi moja ya kila siku, kama kupokea barua zinazoingia. Kaa na karani mezani kwake, kipanya akishike yeye, hata akichelewa. Usimnyang'anye! Wazee wengi hawashindwi na kompyuta, wanachoogopa ni kuaibika mbele ya vijana. Kwa hivyo mfundishe faraghani, kwa heshima zote. Mimi naamini hili linazidi semina yoyote.

Rejesta nayo mkubwa wenu aipangie tarehe ya kufungwa, la sivyo kazi itafanywa mara mbili na kompyuta ndiyo itakayoachwa. Wakishazoea, waombee kozi Kenya School of Government, chuo cha serikali cha kufunza watumishi wa umma, wana kampasi hapo hapo Mombasa. Suala la ada mpelekee afisa wa utumishi.