Re: Bahari inakula ploti yangu, nikirudishia tuta la mchanga nahitaji kibali?

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako na majibu ya wadau mpaka chini. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa ana bungaloo zake ufukweni upande wa Kigamboni, kusi ya mwaka huu imezoa mchanga mpaka minazi ya mbele imelala, anataka kuleta malori ya mchanga na kijiko ainue tuta mbele ya nyumba, anauliza kama kuna kibali. Mdau mmoja hapo juu kamjibu "ni mchanga tu sio zege, mwaga uendelee na maisha". Hilo neno mwaga ndo limenifanya niandike.

Mi nimesimamia kazi ya namna hii kwenye kilodge cha bosi wangu, pwani hiyohiyo ya kusini mwa Dar, kuanzia kukimbizana na makaratasi mpaka kupanda majani, hiyo ilikuwa 2021. Kwa hiyo nakupa nilichokiona kwa macho, kanuni zinabadilika badilika ila mtiririko wa mambo ni uleule.

Kabla ya yote sahau kwanza tuta. Chukua futi kamba, siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakijaa kabisa nenda pale yanapofikia, weka alama, pima mpaka ukuta wa bungaloo ya mbele. Kama ni chini ya mita 60 basi jua ombi lako halitasomwa kama ombi la mchanga, litasomwa kama swali la hilo jengo linafanya nini hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaihesabu ardhi ya ndani ya mita 60 kutoka pwani kwenye ardhi hatarishi. Watu wengi wanaogopa kuomba kwa sababu hiyohiyo, wanasema nikienda nitakuwa nimejichoma mwenyewe, halafu wanamwaga mchanga usiku. Kiukweli naelewa hofu yao ila haiwasaidii, maana malori kumi ya mchanga ufukweni hayafichiki, wavuvi wanaona, jirani anaona, na afisa akija akakuta huna hata karatasi moja anaweza kukupa amri ya kusimamisha na kurejesha hali ya awali kwa hela yako mwenyewe.

Kilichotuokoa sisi ni ramani ya upimaji ya zamani. Ufukwe unatembea mkuu. Nyumba iliyojengwa ikiwa mbali kabisa na maji inaweza leo ikawa ndani ya zile mita 60 bila mwenyewe kusogeza tofali. Hati, ramani yenye bikoni (zile alama za mipaka ya ploti), kibali cha ujenzi cha halmashauri, picha za zamani zenye tarehe, hata picha za harusi zilizopigwa ufukweni, vyote tuliviweka mwanzoni kabisa mwa faili ili anayesoma aone bahari ndo imetufuata sisi. Tulimlipa mpima aje atafute bikoni upya na achore mstari wa maji kujaa wa sasa juu ya ramani ileile. Bikoni mbili za mbele zilikuwa zimeshaingia ufukweni kabisa, na hilo peke yake lilieleza zaidi ya maneno yote ya kwenye barua. Kama jengo lako lilijengwa makusudi ndani ya mita 60 bila kibali, mi siwezi kukudanganya, hapo tafuta mwanasheria kwanza, tuta baadae.

Sasa kibali chenyewe. Hakuna karatasi moja inaitwa kibali cha tuta. Unaanzia serikali ya mtaa, barua ya mtendaji, unapanda kwa afisa mazingira wa halmashauri na watu wa mipango miji, halafu mradi unasajiliwa NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Pale wao ndo wanasema uko kundi gani, sio wewe. Tangu kanuni zilivyorekebishwa 2018 miradi inagawanywa A, B1, B2 na yale maalum. A ni tathmini kamili ya athari kwa mazingira, ile TAM yenyewe yenye ripoti nene, B1 wanaangalia kwanza kama inahitajika, B2 ni vile vidogo. Na ripoti haiandiki mtu yeyote tu mwenye laptop, lazima awe mtaalamu elekezi aliyesajiliwa, kwa hiyo ukiona kijana anakwambia nipe laki tatu nakuletea cheti wiki ijayo, kimbia.

Kinachoamua unaangukia wapi ni vitu viwili vitatu ambavyo viko mikononi mwako, na hapa ndo pa kukaa uwaze vizuri. Unagusa wapi, kwa kutumia nini, na mchanga unatoka wapi.

Unagusa wapi: ukifanya kazi juu ya mstari wa maji kujaa, ndani ya mipaka ya ploti yako, una mradi mdogo. Ukishuka chini ya huo mstari umeingia eneo la umma, la wavuvi, la kasa, mambo yanabadilika kabisa. Kama mbele yako kuna mikoko hata michache usiiguse, hiyo ni msitu wa hifadhi na TFS, wakala wa misitu, wanahusika. Kama uko karibu na eneo tengefu la bahari kama Bongoyo au Mbudya, au uko Mafia ndani ya hifadhi, kuna watu wa Hifadhi za Bahari nao watataka kuona faili. Na wale mnaoniuliza pm kuhusu Paje na Nungwi, Zanzibar mazingira yana sheria yake ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA, msiende na makaratasi ya huku.

Kwa kutumia nini: hapa ndo bosi alibishana na mimi, yeye alitaka kijiko kama wewe. Kijiko ufukweni maana yake unasukuma mchanga, unabadilisha umbo la pwani kwa siku moja, unakanyaga viota kama kuna kasa, na kwenye karatasi unaonekana unajenga. Tukabadilisha. Tukaandika mradi wa kurudisha uoto na kunasa mchanga, uzio wa makuti na mianzi mistari miwili, mimea, na mchanga kidogo wa kujazia mashimo, unaosambazwa kwa toroli na koleo. Tukawekwa B2. Sio ujanja ujanja, ndo kazi tuliyoifanya kweli, na ndo inayodumu. Upepo wa pwani unabeba mchanga kila siku, ukikuta uzio wenye matundu unapunguza spidi unauachia palepale, uzio ukijaa unaweka mwingine juu. Tuta linajijenga. Ila linahitaji uwe na ufukwe mkavu wa kutosha mbele, kama maji yanapiga ukuta wa nyumba kila bamvua hakuna uzio utakaonasa kitu, hapo tuta sio jibu lako na afadhali ulijue kabla hujalipa mtu.

Mchanga unatoka wapi: hili wengi hawalijui. Kuchota ufukweni kwa jirani au kwenye mdomo wa mto ndo unaua pwani yenyewe, angalieni Kunduchi ilivyokuwa. Watafiti wamelisema miaka mingi kwamba uchimbaji wa mchanga kwenye mito ya kaskazini ya Dar ulipunguza mchanga unaolisha ufukwe wa kule, ile hoteli ya Africana ikaliwa na bahari, halafu kila mwenye hoteli akaanza kuweka kikuta chake cha mawe kuingia baharini, mmoja anapata mchanga anayefuata anakosa. Kwa hiyo mchanga wako lazima utoke kwenye shimo lenye leseni ya madini, ndio, mchanga ni madini ya ujenzi, na utunze risiti na nakala ya leseni ya mwenye shimo maana mkaguzi ataziomba. Halafu uangalie mchanga wenyewe. Ule mwekundu wenye udongo udongo unaouzwa kwa ajili ya kujazia viwanja haufai, mvua ya masika ikipiga unakuwa tope linateremka mpaka kwenye matumbawe. Na ule laini sana kuliko wa ufukweni kwako ni sawa na kumwaga sukari kwenye chai. Chukua kopo la mchanga wa kwako, nenda nalo shimoni, linganisha ukubwa wa punje na rangi, kama punje za shimoni ni sawa au kubwa kidogo chukua.

Kuna mdau kaweka video za Florida hapo juu anasema mbona wenzetu wanamwaga na mabomba makubwa. Wenzetu gani hao? Florida ukitaka kugusa mchanga upande wa bahari wa ule mstari wao wa kudhibiti ujenzi wa pwani unahitaji kibali cha jimbo, msimu wa kasa kutaga kazi zinabanwa, na kuna nyasi za kwenye matuta huruhusiwi hata kuzikata. Hapo jirani Kenya nao kanuni zao za upimaji zinataka mita 60 juu ya maji kujaa zibaki akiba ya serikali pale ardhi ya pwani inapogawiwa. Hatuko peke yetu kwenye hili.

Kikao cha wadau usikidharau. Sisi tuliita wavuvi, BMU (kikundi cha kijamii cha kusimamia uvuvi wa pale), majirani wa pande zote mbili, mama wa samaki na mwenyekiti wa mtaa, na hoja kubwa haikuwa kasa wala mabadiliko ya tabianchi, ilikuwa njia. Wavuvi walitaka kujua watapitisha wapi mashua na watoto watapita wapi kwenda kuogelea. Tukaacha upenyo kwenye uzio, umekatwa kwa kukingama usitazamane na upepo ili mchanga usipite humo kama bomba, tukauchora kwenye ramani, wakasaini, mtendaji akagonga muhuri. Huo muhtasari ndo ulilainisha faili kuliko kitu kingine chochote. Jirani mmoja alikataa kusaini, alikuwa na ukuta wake wa mawe na alihisi tunamsema, na kweli ncha ya ukuta wake ndo ilikuwa inatuchimba, mawimbi yakigonga pale yanageukia kwetu. Tuliandika tu kwamba alialikwa, hakuafiki, na sababu zake, kwa adabu. Usifiche pingamizi, likija kugundulika baadae linanuka zaidi.

Mimea: anza na ule unaotambaa wenye maua ya zambarau na majani yaliyogawanyika kama kwato za mbuzi, uko ufukwe wowote wa kwetu, unakata vipande unafukia mwanzoni mwa masika. Mivinje kila mtu anaipenda kwa kivuli, mi sishauri iwe mstari wa mbele, mizizi ya juujuu na chini yake hakioti kitu, bahari ikichimba kidogo mti wote unadondoka na bonge la mchanga. Iweke nyuma. Na maji ya mvua ya paa lako yaelekeze nyuma ya ploti, tuta lililokatwa na mfereji wako mwenyewe huwezi kumlaumu Mungu.

Kuhusu muda na hela, anza makaratasi kaskazi ikiwa bado, sio kusi imeshaanza ndo unakimbilia ofisini. Gharama kubwa kwetu ilikuwa mtaalamu elekezi na mpima, makuti na vibarua vilikuwa nafuu. Na ukipata kibali kisome masharti yake, kuna la kupiga picha sehemu ileile na kutuma ripoti, wengi wanalipuuza halafu wakitaka kuongeza uzio mwaka unaofuata faili linagoma.

Mkuu, weka hapa ule umbali wa kutoka maji ya bamvua mpaka ukutani, na hati yako imetolewa mwaka gani, na kama jirani yeyote ana ukuta wa mawe. Tukishajua hayo naweza kukwambia uanzie mtaa au uanzie kwa mwanasheria.