Aplikesheni ya ukoo ianzie kwenye kitochi cha bibi

SWALI: Shikamoo anko. Mi nasoma kompyuta, niko mwaka wa mwisho hapa Mbeya, na kwa projekti nimeamua kutengeneza aplikesheni ya kusaidia ndugu waendelee kuwasiliana. Kwetu tumetawanyika, bibi yuko Kyela, baba mdogo yuko kazini Dubai, dada yangu mkubwa yuko Toronto. Grupu la WhatsApp tunalo ila limebaki picha za asubuhi njema na michango ya harusi, na bibi hayumo maana anatumia kitochi. Nimeshachora chati, stetasi, video, albamu ya picha, mti wa ukoo na kikumbusho cha bethdei. Nianze na kipi?
Mwanafunzi, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuchagua kitu kinachokuuma mwenyewe. Sasa nikwambie bila kuzunguka, katika vyote ulivyochora hakuna hata kimoja kinachomfikia bibi, na kwa ulivyoandika bibi ndo mnayempoteza, baba mdogo na dada mnao kwenye grupu. Kwa hiyo viweke pembeni vyote. Mwenye simu ya chini kabisa kwenye ukoo ndo aamue aplikesheni iweje, wenye simu janja watamfuata yeye, wao hawashindwi.

Chati achana nayo kabisa. Hata WhatsApp haikuanza na chati, Jan Koum alipoianza 2009 ilikuwa ya kuonyesha stetasi tu pembeni ya jina, kwamba fulani yuko bize au betri inaisha, halafu katikati ya mwaka huohuo Apple wakaleta notifikesheni zinazoingia hata aplikesheni ikiwa imefungwa, watu wakaanza kutumia stetasi kupashana habari na kutaniana, ndo ikageuzwa kuwa ya meseji. Alianza na kitu kimoja kidogo akatazama watu wanakifanyia nini. Kuna nyingine iliitwa Path, ya Marekani, ilitoka 2010 kwa ajili ya watu wa karibu tu, mwisho marafiki 50, baadaye wakapandisha hadi 150, muonekano wake ulisifiwa sana lakini 2018 ikafungwa. Mi naona watu hawahamii kijiwe kipya wakati ndugu zao wote wameshakaa kwenye kile cha zamani, na Facebook walipoinunua WhatsApp 2014 kwa dola bilioni 19 hivi tayari ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450. Hiyo vita si yako.

Kwenu hakikosekani kijiwe. Kinachokosekana ni kwamba hakuna anayejua bibi amepigiwa lini na nani, kila mtu anadhani mwenzake kapiga, wiki zinakatika, siku mnapiga mnaambiwa alilazwa na katoka. Hiyo ndo kazi ya aplikesheni yako. Skrini ya kwanza iwe majina ya wazee, chini ya kila jina aliongea na nani mara ya mwisho, na zamu ya wiki hii ni ya nani, basi, usiongeze kitu. Aliyepiga anabonyeza kitufe kimoja na anaweza kuacha maneno machache, "goti linamsumbua", "mpunga wameshavuna", ili anayefuata aanzie hapo badala ya kumuuliza mzee maswali yaleyale. Na tafadhali usiweke rangi nyekundu wala orodha ya nani hajapiga, aliyekosa zamu labda hana salio, labda kazi imeisha na anaona aibu kuulizwa, ukimuaibisha mbele ya ukoo ataifuta aplikesheni na bibi atakuwa amepoteza mtu mwingine tena. Akikosa, zamu imwangukie anayefuata kimyakimya.

Upande wa bibi mwenyewe, tumia kubipu. Kule India, jimbo la Chhattisgarh, toka 2010 kuna huduma inaitwa CGNet Swara, wanakijiji wanabipu namba, mfumo unawapigia wenyewe, wanarekodi habari za kwao au wanasikiliza za wenzao, kwa simu yoyote ile na bila intaneti upande wao. Nawe fanya hivyo: bibi anabipu, anapigiwa, anasikia ana sauti mbili, ya Dubai na ya Toronto, anasikiliza, ukilia mlio na yeye anaongea, na alichoongea kinatokea kwenye simu zenu. Akitaka kurudia abonyeze 1, usimpe namba nyingine ya kukumbuka. Kama bibi anaongea Kinyakyusa basi maelekezo yarekodiwe kwa Kinyakyusa, tena na mjukuu ambaye sauti yake anaijua, maana mzee akisikia sauti ngeni inampangia cha kufanya atadhani ni matapeli na atakata, na kwa jinsi wazee wanavyoibiwa kwenye simu siku hizi ana haki ya kukata. Menyu za nyota na reli (USSD), kama ile ya M-Pesa ya *150*00#, zinafanya kazi kwenye kitochi pia, lakini zinadai kusoma maandishi madogo na ukichelewa kujibu zinakatika, kwa bibi mi sizishauri. Ukitaka pa kujaribia, Africa's Talking ya Nairobi wanatoa huduma za sauti, SMS na USSD kwa watengenezaji programu, na wana sehemu ya kufanyia majaribio kwenye kompyuta kabla hujaanza kulipia.

Kuhusu video usihangaike. Kule Emirates simu za sauti na video za WhatsApp zimezuiwa, meseji na voisi ndo zinapita, kwa hiyo hata kwa baba mdogo sauti ya kurekodi ndo itakayokuokoa. Rekodi kwa kodeki (njia ya kubana sauti iwe ndogo) ya Opus ambayo ni ya bure toka 2012, ukiiweka kilobiti 16 kwa sekunde dakika nzima inakula kama KB 120, hata mwenye bando la kuungaunga anaipokea. Na ikishindikana kutumwa isipotee, ikae kwenye simu ijitume yenyewe mtandao ukirudi.

Kitu cha mwisho ni saa, wengi wanakisahau. Toronto iko nyuma yetu saa 8, na miezi yao ya joto inakuwa saa 7, kwa hiyo bibi akiwa anajiandaa kulala saa 2 usiku, dada yako yuko kazini saa 6 au saa 7 mchana. Aplikesheni imwambie dada kwamba kwa bibi saa hizi ni saa 2 usiku, imeandikwa hivyohivyo tunavyosema, isiandike 20:00 halafu mtu apige hesabu kichwani. Ikishajua saa za kulala za bibi isimkumbushe mtu kupiga usiku wa manane.

SWALI: Hujambo kaka. Mimi natengeneza aplikesheni ndogo ya wasichana tulosoma pamoja, tusipoteane. Wenzangu wanataka ioneshe nani yuko hewani na mara ya mwisho aliingia lini, kama zilivyo nyingine. Niweke?
Msomaji wa kike, Mombasa

JIBU: Sijambo dada yangu. Usiweke. Nimeona mengi yanayoletwa na hiyo "alikuwa hewani saa fulani", mtu anaulizwa na mume kwa nini alikuwa macho saa 8 usiku, rafiki ananuna kwamba uliingia na hukunijibu, mwisho watu wanaogopa hata kufungua, na wewe ulitaka wakutane. Weka kinyume chake, mtu mwenyewe akiwa na nafasi abonyeze "naweza kuongea sasa", wenzake waone kwa nusu saa halafu ijizime yenyewe. Pia usivute namba zote za simu ya mtu siku ya kwanza, za watu ambao hawajui hata kama aplikesheni yako ipo. Mwambie achague mwenyewe anaotaka kuwaalika, inatosha. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, sisi Tanzania tunayo ya kwetu ya 2022, na hazijaachwa kwa kampuni kubwa peke yake, hata wewe mwenye aplikesheni ndogo unashika taarifa za watu. Jambo jingine, usimtambue mtu kwa namba ya simu pekee, watu wanabadili laini kila siku na laini iliyolala muda mrefu inauzwa tena kwa mtu mwingine, rafiki yenu akipoteza laini mgeni asije akaingia humo akasoma mambo yenu. Anayerudi kwa simu mpya athibitishwe na wenzake wawili wanaomjua.

SWALI: Anko, hizi aplikesheni za ndugu tunaweka matangazo ndo tupate hela?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Hapana ndugu yangu. Sauti ya mzazi isipitishwe katikati ya tangazo la kubeti. Gharama kubwa ni zile simu za kumpigia aliyebipu, na hizo alipe aliye mbali, wa Dubai au Toronto, kiasi kidogo kwa mwezi kwa ukoo mzima, maana ndo mwenye hamu kubwa na ndo mwenye uwezo. Wa nyumbani asidaiwe hata senti.