Chui meno-upanga "zilitoweka" au "walitoweka"?

Msomaji kauliza hivi: "Mwalimu, nimekuta mtu kaandika 'chui meno-upanga zilitoweka zamani sana'. Ni zilitoweka au walitoweka, na huyo mnyama ni chui kweli?"

Ndugu yangu, hapo ni walitoweka, tena bila ubishi. Mnyama ni mnyama hata kama alitoweka kitu kama miaka 10,000 iliyopita, yuko ngeli ya a-wa na kufa hakumtoi humo. Ila ukiacha kumtaja mwenyewe ukataja mabaki yake, basi fuata jina la hayo mabaki, yani utasema smilodoni (aina mojawapo ya hao chui meno-upanga) walitoweka lakini mafuvu yao yamefukuliwa kwa wingi pale La Brea, Los Angeles, kwenye mashimo ya lami yaliyowanasa, na visukuku vyao vinaonekana makumbusho.

Sasa hilo la chui ndo linaniuma zaidi, manake watu wanafuata jina la Kiingereza ambalo lenyewe linamuita chui milia, na si kweli. Hawa hawakuwa chui, hawakuwa chui milia, wala simba. Jamii ya paka ndiyo, ila tawi lao lilijitenga mapema sana na leo halina kizazi hata kimoja. Kwa hiyo anza na paka.

Na upanga nao siupendi hapa. Meno yao ya chonge yalikuwa yamepinda na bapa ubavuni, yule smilodoni mkubwa wa Amerika Kusini jino lake lilifika kama sentimita 28 ukihesabu na mzizi, hilo ni jambia kabisa, lile wanalovaa Waomani kiunoni. Mimi napendekeza paka jambia, kwa mtindo uleule wa punda milia na fisi maji, nomino ya pili inaeleza ya kwanza basi, haiguswi kwenye wingi. Paka jambia mmoja aliwinda, paka jambia wawili waliwinda, usije ukasema paka majambia.

Tena si wa Marekani tu, hata Koobi Fora kule Ziwa Turkana yamepatikana mabaki ya homotheriamu, ndugu yao, ambaye chonge zilikuwa fupi kidogo na makali yake kama msumeno. Ukimwelezea huyo tafadhali usiandike "meno zake", hata kama mtaani unasikia kila siku. Jino lake, meno yake.