Kaka anataka kuacha pombe, aanzie wapi hapa Tanga?

Dada, umesema kaka yako wa Makorora yuko tayari kuacha pombe, ila anaogopa kuonekana akiingia kwenye kikundi cha wanaoacha pombe. Kabla ya kikundi, mpeleke hospitali ya Bombo. Mnywaji wa kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, hata kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Wengine huweweseka na kuona visivyokuwepo. Hilo linaua, si la kuvumiliwa chumbani kwa uji na dua. Akiwa huko, waulize wahudumu wa afya ya akili kuhusu vikundi na soba hausi (nyumba za kukaa wanaoacha ulevi) zilizo karibu.

Mikutano ya AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe), iliyoanza Marekani mwaka 1935, haina ada. Anataja jina la kwanza tu, na akipenda anakaa kimya mpaka mwisho. Sharti ni moja: awe anataka kuacha. Mikutano ya wazi hata wewe unaingia. Mingine ni ya wanaoacha pombe wenyewe tu, kwa hiyo uliza mapema.

Kuhusu kuonekana: mtaa ulishamwona akirudi usiku anayumba kutoka kwenye mnazi. Akionekana ameketi na wenzake akinywa chai, aibu iko wapi?

Siku ya kwanza aombe namba ya mwenzake mmoja wa kumpigia jioni, maana hapo ndipo hamu huja. Kikundi kisipomfaa, ajaribu kingine. Na nauli usimpe mkononi, mlipe bodaboda mwenyewe.